Ukuta Wenye Viganja

Tangu kengele iteremshwe kutoka mnarani, mchana haukuisha.

Iliteremshwa kwa kamba na watu wenye nguvu, ikalazwa kwenye majani mbele ya kanisa, mdomo ukiangalia barabara, na pale ilipolala haikusema kitu tena. Mji ule ulizoea kuambiwa na kengele: amkeni, kuleni, zikeni, laleni. Iliponyamaza, jua nalo liliishia pale lilipokuwa, limeinama kidogo upande wa makaburi, kama mtu aliyesimama mlangoni akisubiri kuambiwa aingie au aondoke. Watu walilala waliposhikwa na usingizi, wakaamka walipoamka. Mahindi yalikauka mashambani, yakapandwa mengine, nayo yakakauka. Ukimwuliza mtu jambo fulani lilitokea lini, alikuambia, "Wakati wa matengenezo," na hakukuwa na wakati mwingine wa kutaja.

Longino hakulalamika. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa matengenezo hayo, na mchana usioisha ulimfaa. Kila alipoulizwa ni lini atauvua lipu ukuta wa upande wa makaburi, alijibu, "Kesho." Katika mji usio na kengele, hakuna anayeweza kukushika kwa neno hilo.

Ukuta huo ndio uliokuwa ugomvi. Kanisa lilijengwa na watu ambao hakuna aliyewajua, kwa mawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba mtu mzima angeweza kujilaza dirishani akapitiwa na usingizi. Chokaa ni kitu cha upole. Ukuta wa chokaa hunywa mvua wakati wa masika na kuirudisha hewani wakati wa kiangazi. Unavuta, unatoa, kama kifua. Halafu wakaja watu waliolipenda kanisa kupita kiasi. Waliona chokaa inapukutika, wakaona aibu mbele ya wageni, wakaleta saruji. Wakalipiga kanisa lipu ya saruji ndani na nje, likawa la kijivu, laini kwa macho na gumu kwa mkono, wakashangilia. Na kabla lipu haijakauka, kila mtu wa mji alikuja akabandika kiganja chake kwenye ukuta ule wa makaburi, na chini ya kiganja akachora jina lake kwa msumari. Ukuta mzima ukajaa viganja, kuanzia vya watoto karibu na sakafu hadi vya wale waliopandia ngazi.

Hawakujua kwamba wameuziba pumzi. Maji yaliyokuwa ndani ya ukuta yalikosa pa kutokea. Yalikaa humo masika baada ya masika, yakaigeuza chokaa kuwa uji, na mawe yakaanza kuogelea. Sasa mambo yalikuwa hivi, na Longino aliyasikia kila alipogonga ukuta kwa ngumi nao ukamjibu kama ngoma: lipu iliyouozesha ukuta ndiyo iliyokuwa ikiushika usianguke. Ukiivua, mawe yanaweza kukufuata. Ukiiacha, mawe yatakufuata tu, ila hutakuwa umejiandaa.

Jambo hilo lilimkaa Longino kichwani kama kokoto ndani ya kiatu. Alikuwa mtu asiyependa kufikiri muda mrefu, lakini kazi ya kukwangua ukuta inamwachia mtu kichwa wazi, na kichwa kilicho wazi huingiwa na chochote. Mkono unakwangua, kichwa kinaongea peke yake.

Kinachonishika. Kinachonibana. Vyote viwili vina mkono mmoja. Mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga, amebanwa, halii. Mtu ameoa, ameshikwa. Mji umepata mwenyekiti, umeshikwa. Nani aliwahi kuugeukia mkono unaomshika akauuliza, wewe, utaniachia lini? Na ukiniachia, nitasimama? Au nitakuwa rundo, na watu watanipita wakiinua nguo zisipate vumbi?

Halafu alitema mate yenye vumbi, akaendelea kukwangua. Alikwangua kuta zote za kanisa isipokuwa huo mmoja.

Mlango haukufungwa. Katika kanisa lile sheria hiyo ilizipita sheria zote: mafundi wakiwa ndani, wageni wakaribishwe zaidi, kwa sababu nyumba inayotengenezwa ni mgonjwa, na mgonjwa hutazamwa. Kwa hiyo walikuja. Walikuja kwa miguu kutoka miji ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, wakiwa na vumbi hadi magotini, na Mama Perpetua aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mpana, kanga kiunoni juu ya gauni, na sauti yake ingeweza kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Aliwanawisha kwa birika na beseni, akawafuta mikono kwa taulo, halafu akawapeleka ukutani watafute kiganja kinachowaenea. Mgeni alijaribu hiki, akajaribu kile. Akikipata, mkono ukazama bila kubakiza nafasi, basi alichukua jina lililochorwa chini yake mpaka atakapotoka nje ya mlango. Wala halikuwa jina peke yake. Alichukua na kikohozi cha mwenye jina, na hasira zake, na namna yake ya kukaa kwenye benchi.

Ilikuwa desturi, na desturi hiyo iliheshimiwa hata ilipoleta balaa. Kuna safari alikuja muuza maharage mmoja mrefu, akapanda ngazi, mkono wake ukaenea kwenye kiganja cha juu kabisa, ambacho kilikuwa cha Mwenyekiti wa Halmashauri ya kanisa. Muuza maharage aliteremka, akasafisha koo, akamwachisha Mwenyekiti kazi. Watu walitazamana. Wakamtii muuza maharage, kwa kuwa alisema tafadhali. Mwenyekiti mwenyewe alikaa kwenye benchi la nyuma, kofia mapajani, mpaka yule mtu alipokumbuka maharage yake akatoka nje. Tangu hapo ngazi ilifungiwa ndani ya chumba cha mavazi ya misa, na Mwenyekiti alitembea na ufunguo.

Longino hakujua kama Mama Perpetua aliamini mambo hayo au aliyazoea. Na yeye mwenyewe? Yeye alikuwa na kiganja kimoja tu cha kuhangaikia.

Kilikuwa kando ya dirisha, usawa wa bega. Kiganja chembamba cha mwanamke, na kidole cha mwisho kimepinda kuelekea nje, kama kinataka kuwaacha wenzake. Mlango wa ghala ulikibana alipokuwa msichana, kikaunga vibaya. Chini yake palichorwa Eufrazia, jina la mke wake. Longino ndiye aliyemshika mkono siku ile ya lipu mbichi, akausukuma, naye akacheka kwa sababu saruji ilikuwa ya baridi. Masika yaliyofuata Eufrazia alipata homa, akafa. Hawakuwa na mtoto. Hakuacha picha. Nguo zake zilichukuliwa na dada zake, kama ilivyo haki. Kilichobaki duniani kuonyesha kwamba mwanamke huyo aliwahi kuwa na mwili kilikuwa ni shimo lile lenye umbo la mkono.

Wageni walilijaribu. Kwa sababu ya kile kidole, hakuna aliyeenea hata mmoja. Kila mara mgeni alipotoa mkono na kwenda kujaribu kwingine, Longino, juu ya jukwaa lake, alishusha pumzi.

Na hapo hapo, karibu na dirisha, usawa wa bega, ndipo ukuta ulipoumuka. Ulianza kama uvimbe wa jino, sasa ulikuwa kama tumbo la mjamzito. Ufa ulipita chini ya jina, ukapanda juu kupita ubavu wa kiganja. Longino alikuwa amebandika vipande vya kioo kuvuka ufa huo, kila ncha imeshikwa kwa plasta, kwa sababu kioo hakivutiki: ukuta ukisogea, kioo kinakatika, na fundi anajua. Waliuegemezea ukuta mirunda, nguzo baada ya nguzo, mpaka mtu aliyetaka kwenda madhabahuni alipita amejikunja.

Sixtus, fundi mwenzake, alikuja akasimama chini ya jukwaa, mikono nyuma.

"Kaka, kioo cha juu kimekatika."

"Nimesikia."

"Umesikia, umefanya nini?"

"Nimesikia."

Sixtus alicheka kwa pua. "Wewe ungekuwa mganga, watu wangezikwa wakiwa bado kwenye foleni."

"Kesho tutakianza kipande hicho."

"Kesho ipi? Kengele ile pale, imelala na mbuzi wanaisugulia migongo. Nani atakuambia kwamba kesho imefika?"

"Ongeza mirunda."

"Mirunda! Hapa pameshakuwa msitu. Tukiongeza, tutahitaji kibali cha kuwinda." Kisha akaacha kucheka. Alisogea, akashika mguu wa jukwaa. "Ni shemeji, najua. Sote tunajua, wala hakuna anayekucheka. Lakini mbele ya shemeji wanapita watu, kaka. Na wewe unawaambia pako salama."

Longino alikuwa akiangalia vumbi jembamba likishuka kutoka kwenye ufa, jembamba kama unga unaopita kwenye chekecheo.

Mwenyekiti aliingia, akamwacha Mama Perpetua mlangoni. Alikuwa mtu mfupi aliyevaa koti kwenye joto. Aliuangalia uvimbe kama anavyoangaliwa mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Piga saruji juu ya ufa," alisema. "Ziba, laini, acha viganja vionekane."

"Uzito utaongezeka, Mwenyekiti."

"Ukuta umesimama."

"Umesimama kwa sababu haujaamua uangukie upande gani."

"Fundi, nisikilize." Mwenyekiti alivua kofia, na bila kofia alionekana mzee. "Watu hawaji kuangalia mawe. Mawe yapo kila mahali. Wanakuja kwa ajili ya viganja. Ukivivunja, sisi tutakuwa nani? Mtu akija kuuliza watu wa mji huu walikuwa nani, utamwonyesha nini? Kokoto?"

Ilimchoma Longino kwamba kwa mara ya kwanza maishani yeye na Mwenyekiti walitaka kitu kimoja. Huyu alitaka kuushika mji mzima, yule alitaka kuushika mkono mmoja, na wote wawili walikuwa tayari kuuacha ukuta uoze ili wasiachie. Labda ndivyo mamlaka yanavyoanza, alifikiri. Hayaanzi na mtu mbaya. Yanaanza na mtu anayesema, mimi naogopa kupoteza, kwa hiyo ninyi msisogee.

"Ngoja nitatazama," alisema, na neno hilo likawa kesho nyingine.

Mlangoni sauti ya kike ikapiga hodi.

"Karibu, mwanangu, karibu, pole na safari!" Mama Perpetua alikuwa ameshalishika birika. "Viatu vaa tu, kuna misumari. Kichwa chunga."

"Mnatengeneza?"

"Tunatengeneza."

"Basi nirudi mkimaliza."

"Tukimaliza hutakuta cha kutazama. Lete mikono."

Alikuwa mwanamke kijana, kikapu begani, kitambaa kichwani chenye rangi iliyopauka. Alinyoosha mikono juu ya beseni. Maji yalipita juu ya vidole vyake, na Longino, kutoka juu ya jukwaa, aliona kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kimepinda kuelekea nje.

Mwiko ulimponyoka. Ulianguka kwenye mbao, ukatoa mlio ambao watu wote waliugeukia, kwa kuwa ulikuwa karibu kabisa na mlio wa kengele.

Aliteremka haraka kuliko umri wake. Alijiweka kati ya mwanamke na ukuta. "Dada, upande huu hapafai. Ukuta ni mbovu. Angalia huko kwingine, kuna madirisha mazuri."

Kwa mara ya kwanza alikuwa amemwambia mgeni kweli juu ya ukuta ule, na aliisema ili kudanganya. Mama Perpetua alisimama na taulo lake mkononi.

"Hapafai? Tangu lini, Fundi? Siyo wewe uliyesema pako salama? Nimewapitisha watu hapa, nimewapitisha wajawazito, kwa neno lako."

Kulikuwa na wageni wengine kwenye mabenchi, wenye majina ya kuazima, nao walimwangalia. Mwenyekiti alimwangalia. Sixtus aliangalia sakafu. Ilikuwa rahisi. Neno lilikuwa moja: nilidanganya. Longino alilitafuta mdomoni, akakuta vumbi.

"Pako salama," alisema, akapisha.

Mwanamke alipita chini ya mirunda, akainua mkono, akaubandika. Hakujaribu kwingine. Mkono ulizama kama mguu unavyozama kwenye kiatu chake wenyewe, na kidole cha mwisho kikaingia mahali ambapo hakuna kidole kilichowahi kuingia. Alitulia. Mabega yakashuka. Alipogeuza uso, ulikuwa uso wa yule yule aliyenawa mlangoni, lakini mtu aliyekuwa akiutumia alikuwa mwingine.

"Longino."

"Naam."

"Umezeeka, wewe mtu."

"Kidogo."

"Kidogo? Kichwa chote kimekuwa shamba la pamba." Akacheka, na kicheko kilikuwa kile cha siku ya saruji ya baridi. "Umekula?"

Hilo ndilo lililomvunja. Alikuwa amejiandaa, miaka yote ile isiyo na hesabu, kwa maneno makubwa. Hakuwa amejiandaa kuulizwa kama amekula.

"Nimekula," alisema, ingawa hakuwa amekula.

"Muongo. Unasimamaje hivyo na shingo kama ya kuku, na mimi nipo hapa hapa?"

"Humo kukoje, Eufrazia?"

"Kuna maji." Alisema kama mtu anayeeleza nyumba aliyopanga. "Nimesimama kwenye maji. Mwanzo yalikuwa miguuni. Yalipanda polepole, nikayazoea. Sasa yako kidevuni. Si mabaya, yana joto kidogo. Ila sisi humu tumebanana, na hakuna anayeweza kukohoa."

Nyuma yake kioo cha pili kikakatika. Tak. Kipande kimoja kikaanguka sakafuni.

"Mwanangu, toa mkono sasa," Mama Perpetua aliita, "wapo wengine wanaosubiri."

Mwanamke alivuta. Mkono haukutoka. Alivuta tena, taratibu, kama anayetoa mkono chini ya mtoto aliyelala. Uvimbe ulikuwa umesogea. Kingo za kiganja zilikuwa zimemfunga kwenye kifundo cha mkono, na maji ya kijivu yalianza kutiririka kutoka kwenye ufa, yakipita juu ya jina na kushuka hadi sakafuni. Sixtus aliruka, akamshika kiwiko, akavuta. Mirunda ikalia, na vumbi likashuka kutoka juu, likamwagikia mabega yao.

"Acha kuvuta!" Longino alipiga kelele. "Unauvuta ukuta!"

"Leteni sabuni," alisema Mwenyekiti. "Mtu asiguse lipu! Leteni sabuni."

Sabuni ililetwa. Mama Perpetua alipaka kifundo mpaka kikawa na povu. Haikusaidia kitu, povu liliteremka na maji ya kijivu. Vidole havikuonekana, lakini mkono juu ya kifundo ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya zambarau.

Longino alimsogelea. "Inauma?"

"Haiumi," alisema, akitabasamu. "Wala usijisumbue. Umenikuta, unataka nini tena? Niache hapa. Kaa chini, tuzungumze."

Aliongea hivyo, na machozi yalikuwa yakishuka mashavuni mwake.

Longino aliangalia kinywa, akaangalia macho. Kinywa kilikuwa cha mke wake. Kilitabasamu, kilimtania, kilimwambia akae. Macho yalikuwa ya mtu asiyemjua, na mtu huyo alikuwa anaumia, alikuwa mbali ndani ya kichwa kile, bila jina, bila sauti, hata neno inauma hakuwa nalo kwa sababu lugha yote ilikuwa imechukuliwa na mwingine. Alikuja na kikapu. Alisema nirudi mkimaliza. Na yeye Longino alisema pako salama.

Nikimsikiliza huyu, namuua yule. Nikimtoa yule, huyu hatakuwa popote. Nani ana haki ya mkono? Aliyekuwa nao kwanza? Aliye nao sasa? Marehemu haumii. Marehemu amesema mwenyewe, haiumi. Basi anayeumia ndiye aliye hai. Mbona ni rahisi hivyo? Mbona nimeifanya ngumu mchana kutwa?

"Mama Perpetua," alisema, bila kugeuka. "Ukuta ni mbovu. Nilidanganya. Watoe watu."

"Mlango haufungwi, Fundi."

"Sijasema uufunge. Watoe kwa mlango huo huo ulio wazi."

Mama Perpetua alimwangalia kwa jicho ambalo lingemkaa Longino muda mrefu. Halafu alitupa taulo begani, akainua sauti yake ya ng'ambo ya bonde, na wageni wakatoka, na kila aliyevuka kizingiti aliacha jina alilokuwa nalo, akabaki ameduwaa juani akijipapasa mifuko. Sixtus alitia bega chini ya mrunda mkubwa kuliko yote. Mwenyekiti alibaki mlangoni.

"Ukikigusa kimoja, umevigusa vyote," alisema.

"Najua," alisema Longino, akachukua patasi na nyundo.

Alianzia mbali na nyama ya mtu, kwenye jina. Pigo la kwanza lilitoa cheche. Saruji ilikuwa imeshikana kama chuma, na kila pigo ukuta ulijibu kwa ndani, sauti nzito, kama tumbo la ng'ombe. Herufi ya mwisho iliruka. Halafu iliyofuata. Eufrazia alimwangalia akifanya kazi, kichwa kimelala upande, kama alivyokuwa akimwangalia zamani akijenga jiko lao la nyuma ya nyumba.

"Longino, ile nyumba yetu ilikuwa na mlango wa rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani. Nilikuwa nalo hilo, sasa hivi tu." Pigo. "Na mimi nilikuwa napenda nini?"

"Mihogo ya kuchoma. Na kunisema."

Akacheka, kicheko kikakatikia katikati. Pigo. Jasho lilimwingia Longino machoni, patasi ikaruka na kukwaruza jiwe.

"Fundi wa watu," alisema Eufrazia, kwa sauti iliyokuwa ndogo sasa, sauti ya mtu aliye chumba cha pili. "Unapiga vibaya. Ilaze patasi."

Aliilaza. Alipiga. Lipu ilifunguka kwa ubavu, ganda zima kubwa kama sinia, na ukuta ukatoa pumzi.

Hakuna neno jingine la kuielezea. Ilitoka hewa ya baridi yenye harufu ya udongo na mizizi na misimu iliyofungiwa, ikawapiga usoni, ikapita katikati ya kanisa na kutokea mlangoni, na kofia ya Mwenyekiti ikaanguka. Nyuma ya hewa yakaja maji, nyuma ya maji yakaja mawe, taratibu, moja, na jingine, na rundo. Longino alimkumbatia mwanamke na kuruka naye pembeni. Sixtus alilia kama mnyama chini ya mrunda wake. Mrunda ulipinda, ukakataa kuvunjika.

Vumbi lilipotulia, ukuta ulikuwa umesimama, na ulikuwa na tundu kubwa la kupita mtu kando ya dirisha. Kupitia tundu hilo makaburi yalionekana, na nyasi, na wageni waliotolewa wakichungulia.

Mwanamke alikuwa ameketi sakafuni akiupapasa mkono wake. Ulikuwa umechubuka, lakini vidole vyote vilisogea, hata kile kilichopinda. Alimtazama mzee mwenye vumbi kichwani aliyepiga magoti mbele yake.

"Baba, samahani. Wewe ni nani?"

Longino aliutazama uso ule akitafuta, akakuta mtu mmoja tu.

"Fundi," alisema. "Mimi ndiye niliyesema pako salama. Hapakuwa salama."

"Umenitoa, lakini."

"Baada ya kukuingiza."

Mwanamke alifikiri juu ya hilo, akakubali kwa kichwa, hakusema haidhuru. "Naitwa Melania," alisema. "Nilikuwa napita tu." Na Longino akalirudia jina hilo taratibu, ili asimwite jingine.

Sixtus alikuja akichechemea, akaokota kitu kwenye kifusi. Kilikuwa kipande cha lipu, kidogo, chenye mfereji mmoja uliopinda. "Kidole kimebaki, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Chukua."

Longino alikipokea. Alijaribu kutia kidole chake cha mwisho kwenye ule mfereji. Hakikuenea, kilikuwa kinene mno, cha mwanamume, cha mzee. Alikishika kipande mpaka kikapata joto la mkono wake. Halafu alikiweka kwenye toroli, pamoja na vingine, akachukua ndoo akaenda kwenye shimo walilolowekea chokaa.

Aliporudi, kivuli cha mirunda, ambacho kilikuwa kimelala mahali pamoja sakafuni tangu kengele iteremshwe, kilikuwa kimefika kwenye mguu wa benchi la mbele. Longino alikiangalia. Kilikuwa kinatembea.

Mwenyekiti alikuwa amesimama chini ya kiganja chake mwenyewe, kule juu, ufunguo wa ngazi mkononi. Baada ya muda alikwenda chumba cha mavazi, wakasikia kufuli ikifunguka na ngazi ikiburutwa nje.

Kutoka upande wa makaburi mwanamume mmoja mwenye fimbo aliingiza kichwa kwenye tundu. "Hodi humu? Mmefunga?"

Mama Perpetua alikuwa nje akiwatuliza watu. Birika lilikuwa karibu na mguu wa Longino. Hakuwahi kumnawisha mgeni hata mmoja katika maisha yake. Aliliinua.

"Hatujafunga. Tunabomoa," alisema. "Pita hapo hapo, mzee. Chunga kichwa."